Maneno Niliyosemewa

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Asubuhi baridi kavu, anga safi, barafu nyembamba kwenye vioo vya magari. Hakuna upepo.

Mwanangu Nasra,

Umeiona mistari hiyo ya juu na najua umecheka. Ulikuwa ukisema mama yako hawezi kuianza siku bila kuihoji hali ya hewa. Haya, nimeihoji, imejibu, sasa nije kwako.

Barua hii naiandika wazi. Nitaipeleka kwenye jarida la jumuiya yetu, lile linalosomwa na Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa Maryland na wa ng'ambo ya mto kule Virginia, na ambalo wewe, nimeambiwa, bado unalisoma kwenye simu hata huko Japani unakofundisha. Nimeambiwa. Utaona kadiri unavyoendelea kwamba neno hilo limenichosha. Ndiyo sababu ya kuandika wazi. Maneno yakisomwa na watu wote, hakuna mtu mmoja wa kuyabadilisha njiani. Safari hii sitaki mchukuzi.

Utasema ningepiga simu. Lakini wewe ndiye uliyekata, na kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa. Halafu nikipiga nitauliza maswali. Najijua. Kwenye barua siwezi kuuliza swali la nne kabla hujanijibu la kwanza.

Unaikumbuka meza ya jikoni, ile yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kadibodi? Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipoleta kadi zako za Kijapani pale. Nilishuku mara moja. Mtoto wa Tanga aliyezaliwa Maryland, Kijapani cha nini? Nikakuuliza kama kuna mvulana. Ukaninyanyulia rundo la kadi ukasema, "Mama, hakuna mvulana. Kuna herufi tu, nyingi mno." Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Akauliza, "Mnasoma au mnagombana?" Tukamjibu pamoja, "Vyote."

Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia kadi. Nilizipanga kwa mafungu, ulizozipata kushoto, ulizozikosa kulia, za kubahatisha katikati, na ulikuwa unalalamika kwamba fungu la kubahatisha nililitunga mimi kwa sababu sikuamini ukipata. Ni kweli. Mtu akijibu huku anaangalia dari, mimi simhesabii.

Siku uliyonifundisha "to" kulikuwa na sinia la shangazi yako mezani. Unalijua sinia hilo, la bati, lenye maua mekundu na ukingo uliobonyea. Wifi yangu Rehema alikuwa amelileta kutoka kwake Arlington na sambusa, limefunikwa kawa, nami nilikuwa nimeliosha nikiwaza nitie nini kabla ya kulirudisha. Ukalivuta karibu yako.

"Angalia, Mama. Kijapani kinaanza na maneno yenyewe, yale aliyoyasema mtu au aliyoyawaza. Hayo ndiyo chakula. Halafu unaweka 'to'. 'To' ndiyo sinia. Halafu mwisho kabisa ndiyo anaonekana aliyebeba. Amesema. Au nafikiri."

"Mwisho kabisa?"

"Mwisho kabisa. Mvua itanyesha, to, nafikiri. Mvua itanyesha, to, jirani kasema."

Nilikwambia lugha hiyo ina hila. Sisi tuna "eti", na "eti" hutangulia. Ukiisikia tu, unakaza masikio, unajua kinachokuja si cha kumeza kizimakizima. Kwa Wajapani wako mtu ameshakula, ameshafuta mdomo, ndipo anaambiwa nani kapika. Ukacheka hadi ukaangusha kadi. Halafu ukanijaribu, maana ulipenda kunijaribu.

"Mama amekasirika, to, nafikiri."

"Nani kakwambia nimekasirika?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimemalizia na 'nafikiri'. Ningekuwa nimeambiwa, ningemalizia na 'amesema'."

"Na kama umezua?"

Ukafikiri kidogo. "Hapo, Mama, sarufi haisaidii."

Kuna jambo jingine ulinieleza baadaye, ulipokuwa unapanda treni ya kijani kila siku kwenda chuoni kule Shaw, na nililipenda kuliko yote. Ulisema mawazo ya mtu mwingine hayasemwi kwa namna ileile unayoyasema yako. Yako unaweza kuyatamka moja kwa moja. Ya mwenzako lazima uyageuze kidogo, uonyeshe kwamba umeyasikia kwake au umeyaona kwa nje. Nikasema hao ni watu wenye adabu, mtu haingii kichwani mwa mwenzake bila kupiga hodi. Ukaniambia, "Wewe ungekaa huko siku mbili tu, wangekufukuza." Nikakuuliza kwa nini. "Kwa sababu hodi unapiga, Mama, lakini ukishaingia unainua mazulia."

Kuinua mazulia ndiyo kazi inayonilipa. Unajua pale hotelini mimi sisafishi, mimi napita baada ya wasafishaji. Neno "nimemaliza" kwangu ni habari, bado halijawa ukweli. Napitisha kidole juu ya fremu ya picha, nafungua droo ya chini ambayo hakuna anayeifungua, nachungulia nyuma ya pazia. Msichana mgeni huwa ninamwekea karatasi ya peremende nyuma ya mguu wa kitanda, halafu nasubiri. Akiniambia chumba tayari na karatasi bado ipo, tunazungumza. Mama Furaha, yule wa Bukavu, amefanya kazi nami miaka mingi na bado ananisimamia mlangoni mikono kiunoni.

"Chambre minamaliza yote. Angalia wewe mwenyewe, Mama Nasra. Weye unashuku mpaka kivuli yako."

"Kivuli changu nakijua, Mama Furaha. Sijui kitanda chako."

"Siku moja utashuku kama Mungu aliumba dunia siku sita ao tano."

Ananitania, lakini kwenye vyumba vyake sijapata kitu. Na nikikagua huwa nakuwaza wewe, sijui kwa nini. Labda kwa sababu wewe ndiye pekee uliyekuwa unaniachia karatasi za peremende makusudi, nyuma ya kochi, uone kama nitaziona.

Sasa nije kwenye simu uliyoikata. Ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Uliniambia huji kwenye hitima ya baba yako ya mwaka mmoja. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema hakuna kitu. Nikakuuliza nani kakuzuia. Ukasema hakuna mtu. Nikauliza kama ni kazi, nikauliza kama ni mtu. Ukasema, "Mama, unani-interview." Nikauliza tena. Halafu nikabaki na simu sikioni inalia tuu, tuu.

Hitima tuliisoma bila wewe. Watu waliuliza, nikawajibu kwamba uko mbali.

Tangu siku ile sikupiga, nawe hukupiga. Kilichokuja kwangu kimepitia kwa shangazi yako. Rehema amekupenda tangu unatambaa, na niliona sawa mtoto azungumze na dada wa baba yake kama kwa mama kumemshinda. Akaanza kuniletea maneno.

La kwanza alinipa baada ya Ijumaa moja, kwenye simu, huku anakaanga kitu. "Nasra anasema anakuombea dua kila alfajiri." Nikasema amin. Nilipokata simu nikakaa. Nasra? Alfajiri? Mtoto niliyekuwa namvuta mguu hadi anaanguka na godoro lake? Lakini nikajiambia watu hubadilika wakiwa ugenini, na dua si kitu cha kukagua.

Likaja jingine. "Nasra anasema amekumbuka mchuzi wako wa papa." Mwanangu, wewe ulikuwa unafungua madirisha yote nikipika papa, hata kwenye theluji. Likaja la tatu na la nne. Yote matamu, yote laini, kama yamechujwa kwa kitambaa. Hakuna hata moja lililokuwa na ukaidi wako. Nikaanza kuhisi kama ninavyohisi nikiingia chumba kinachonukia sana. Mtu akipuliza manukato mengi hivyo, kuna kitu hakufuta.

Halafu Oktoba, baridi ya kwanza ilipoingia, Rehema akaniambia hivi: "Nasra anasema usiku wa baridi hukumbuka ulivyokuwa unamwekea chupa ya maji ya moto miguuni, umeifunga kwa khanga, unamwambia alale."

Nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la treni nikitoka kazini. Treni yangu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda. Sikuipanda.

Wewe sikukuwekea chupa ya maji ya moto hata siku moja. Wewe ulikuwa unarusha mablanketi chini tangu mchanga, na miguu yako ni ya moto kama ya baba yako. Chupa ile nilimwekea Rehema. Ilikuwa mwaka alioingia Amerika, Januari, akalala sebuleni kwetu, na mashine ya joto ya jengo ikaharibika. Alikuwa akitetemeka na kujifanya anaimba. Nilichemsha maji, nikatia kwenye chupa ya soda iliyo ngumu, nikaifunga kwa khanga yangu, nikamwekea miguuni. Wewe hukuwa umezaliwa.

Hapo nikajua sinia lilikuwa linaletwa, lakini chakula hakikupikwa Japani.

Ila kujua kwangu hakutoshi. Mimi huhitaji karatasi ya peremende. Nikamwambia Rehema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukizungumza na Nasra, mwambie nimeuza cherehani yake." Ile uliyonunuliwa na baba yako, uliyoshonea nguo ya mahafali, uliyoniapisha nisiiguse hata kuifuta vumbi. Nikasubiri. Nilijua kama neno lile lingekufikia, ungenipigia hata ungekuwa darasani mbele ya watoto wa watu. Ungenipigia kwa hasira, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naisubiri hasira hiyo kwa hamu. Simu niliiweka mfukoni mwa sare siku nzima, jambo ambalo wenzangu nawakataza.

Jumamosi Rehema akanipigia. "Nimemwambia. Anasema hakuna neno, Mama, ni mali yako, Mungu akuzidishie."

Jumapili iliyopita nilikwenda Arlington. Sikumwambia naenda. Nilibeba sinia lake, nimetia mkate wa ufuta, maana lilikuwa kwangu tangu Septemba. Alifungua mlango akiwa na ufagio mkononi, akanitazama kuanzia viatu.

"Wifi, umekuja kunitembelea au kunikagua?"

"Vyote."

"Basi anza na choo. Sebuleni sijapiga deki."

Tukakaa. Akamimina chai. Nikamngoja aweke birika chini, maana ni la moto.

"Nasra alisema nini hasa kuhusu cherehani?"

"Si nilishakwambia? Alisema ni mali yako."

"Cherehani iko chumbani kwake, wifi. Sijaiuza."

Mkono wake ulibaki juu ya birika. Hakuona haya mara moja. Kwanza alinitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Shetani wewe," akasema taratibu. "Umenitegea kama panya."

"Na panya kaingia."

Akacheka. Nami nikacheka, nikajichukia kwa kucheka, maana nilikuwa nimekuja na hasira yangu imepigwa pasi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Nikamuuliza kama yale maneno yalikuwa yako au yake.

"Huzuni ilikuwa ya mtoto," akasema. "Maneno nimepika mimi."

"Umepika uongo, Rehema."

"Anayepatanisha watu si mwongo. Kamuulize shehe."

"Shehe hakusema ubuni mpaka mchuzi wa papa."

"Papa lilizidi," akakubali. "Hata mimi nilipokata simu niliona limezidi."

Ndipo akaniambia lile ambalo limenifanya niandike. Alisema unampigia kila Ijumaa. Alisema salamu zenyewe huzimalizi, swali lako la kwanza ni moja, halibadiliki: "Mama kasema nini?"

"Na wewe ulikuwa umekaa kimya kama jiwe la kusagia," akasema. "Nimjibu nini mimi? Wifi, sinia halirudi tupu. Wewe mwenyewe hujawahi kunirudishia sinia langu tupu. Mwaka ule mume wako alipokuwa hana kazi uliniwekea malimau mawili, nami nikajua ndiyo yote yaliyokuwemo ndani ya nyumba. Mtoto kaniletea sinia lake kutoka mwisho wa dunia, anauliza mama kasema nini. Nimrudishie tupu?"

Nimelelewa na adabu hiyohiyo. Mama yangu alikuwa akikosa kabisa anatia chumvi kwenye bakuli la jirani, lakini halirudi hivihivi. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuyafanyia maneno vilevile.

Nikamuuliza na chupa ya maji ya moto. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa na kuanza kuokota makombo ya mkate mezani, moja moja.

"Ile ilinitoka," akasema. "Nilikuwa nimechoka kubuni, nikachukua iliyokuwa karibu." Halafu, akiwa bado anaokota, "Nilikuwa sijawahi kukwambia mwenyewe."

Alinimiminia chai ya pili bila kuniuliza, nami nikainywa bila sukari, kwa sababu alisahau na sikutaka kumkatiza.

Lakini Nasra, mchukuzi huenda na kurudi. Kama alikuwa ananiletea maneno yako ya kubuni, na wewe alikuwa anakuletea yangu. Nikamwambia ayataje. Akakataa kwanza, akasema nitamkasirikia. Nikamwambia tayari nimekasirika, hasara haiongezeki. Akayataja, akiangalia dari, na unajua mimi mtu akiangalia dari ninavyomhesabia. Nimeyabeba kichwani kwenye treni mpaka nyumbani, nikayapitia kama ninavyopitia chumba. Nakwambia sasa, mbele ya wasomaji wote, lipi langu na lipi si langu.

Alikwambia kwamba nimesema chumba chako hakijaguswa. Uongo. Kimeguswa. Kitandani kuna mfuko wa unga wa kilo kumi na ubao wa kupigia pasi, na kabati lako nimetia mashuka ya majira ya joto. Cherehani tu ndiyo sijaigusa. Vumbi lake ni lako.

Alikwambia kwamba nimesema nilikosea kukuhoji siku ile. Sikusema. Na hata leo silisemi, maana sijaliona hivyo. Baba yako alizikwa hapa Maryland kwenye udongo mgumu, wewe ulisimama pembeni yangu umenishika kiwiko, na mwaka haujazunguka unaniambia huji na hakuna sababu. Mama yeyote angeuliza. Bado nashuku ipo sababu. Wakati mwingine nashuku ni kazi, wakati mwingine nashuku kuna mtu huko ambaye hujui utamtaja vipi. Usiku mwingine nashuku ni kaburi lenyewe, kwamba hukutaka kuliona kwa mara ya pili. Siulizi. Nataja tu ninavyoshuku, ili ujue kilichomo kichwani mwangu kimetoka kwangu.

Alikwambia kwamba nimesema uje ukiwa tayari, hata kama si mwaka huu. Sikusema. Ningekuwa nimesema mwenyewe, ningesema uje mwaka huu. Lakini nimelitafuna neno hilo tangu Jumapili na limeanza kulainika.

Alikwambia kwamba siku ya mvua husimama dirishani nikiangalia kituo cha basi ulichokuwa ukishukia. Hili sijui amelijuaje. Sikumwambia mtu.

Na alikwambia kwamba mama anakupenda, kila Ijumaa, bila kukosa. Hilo hakutumwa. Miezi yote hii sikumpa hata neno moja la kukuletea, nikidhani kimya changu kinakufikia kama kilivyo, kizito, cha mtu mkubwa aliyekosewa. Kumbe hakikutoka hata Arlington. Shangazi yako aliingia kichwani mwangu bila kupiga hodi, akachukua alichotaka. Kinachoniudhi hasa ni kwamba alivikuta vitu palepale alipodhani vipo.

Kwa hiyo nimesemewa. Mtu akisemewa anaweza kukana, na nilitoka Arlington tayari kukana yote. Sasa naona nikikana yote nitakuwa mwongo kuliko yeye.

Limebaki moja, nalo linaninyima raha. Je, kweli uliuliza? "Mama kasema nini?" Ni maneno yako, au hayo nayo yamepikwa Arlington? Nilimuuliza Rehema mara tatu kabla ya kuondoka, na mara zote alijibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Anayezua hubadilisha. Lakini anayezua vizuri habadilishi, na huyu amepata mazoezi ya kutosha. Aliponisindikiza kwenye lifti nikamtazama machoni, naye akanitazama. Akasema, "Hilo si langu, wifi. Mimi ningetunga refu zaidi." Nilikaribia kumwamini. Ni kweli kwamba hana ufupi. Na ufupi huo naujua, ni wa mtoto aliyenijibu kwamba kuna herufi tu, nyingi mno.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema niandike, mradi niseme pia kwamba chai yake ilikuwa tamu. Haikuwa na sukari. Lakini nimesema.

Leo Mama Furaha aliniona nimesimama kwenye korido na funguo mkononi, siendi mbele wala nyuma. Akaniuliza nini kinanisumbua. Nikamwambia nataka kujua kama mwanangu alisema neno fulani au hakusema. Akafikiri, akaweka ndoo chini.

"Na kama hakusema," akasema, "weye utakosa kumujibu?"

Akachukua ndoo yake akaenda zake. Chumba alichotoka sikukikagua. Andika hilo kwenye historia, Nasra, maana hutalisikia tena.

Basi nakujibu. Kama uliuliza, jibu ni lako. Kama hukuuliza, chukua vilevile, sinia halirudi tupu. Nimelipanga kama ulivyonifundisha kwenye ile meza yenye mguu mfupi, maneno kwanza, sinia katikati, na aliyebeba mwishoni kabisa, ili usile ukashiba bila kujua mkono uliokupa. Kijapani changu kimeishia hapo, kwa hiyo mengine ni Kiswahili.

Mfuko wa unga nitauondoa kitandani, njoo ukiwa tayari, nami nitakaa na maswali yangu mpaka utakaponiuliza kwa nini siulizi, to, mama kasema.

Ni mimi niliyekushikia kadi,

Mama yako

Upepo umeanza. Nalala saa tano kasorobo usiku. Kwako ni Alhamisi mchana.